Mpokezi wa Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilivua glavu. Wenzangu walidhani nimesusa, mwamuzi alidhani nimeumia, na jamaa aliyekuwa amesimama na gongo lake akinisubiri alidhani namfanyia mzaha. Ni mmoja tu aliyejua kwamba nilikuwa nashika adabu. Hilo nitalieleza, lakini ngojeni kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana najua wengi wenu besiboli mmeiona kwenye filamu, mkabadilisha chaneli.

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote hii London, huwajibu kwamba nilikuwa mpokezi. Mke wangu, Mwanahawa, akiwa karibu hukohoa na kusema, "Alikuwa dereva wa basi." Ni kweli. Basi niliendesha siku tano kwa wiki mpaka nilipostaafu, ndilo lililotulisha na kumsomesha binti yetu, na silidharau. Lakini kazi niliyoijua hasa, ile ambayo ukiniamsha usingizini nitakuelezea mpaka uchoke, ilikuwa ya Jumapili, nayo ilikuwa kutupa mpira mara tano au sita kisha kurudi kuketi.

Aliyeniajiri alikuwa Meneja wetu wa kwanza, Bwana Kirit, mfamasia, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyehamia Stanmore na familia yake. Ujanani alisomea Marekani na akatoka huko na vitu viwili, cheti na ugonjwa wa besiboli. Cheti alikitundika dukani kwake Neasden. Ule ugonjwa alituambukiza sisi. Timu yake aliiita Mwewe, timu ya ridhaa, ikichezea kwenye nyasi za nyuma ya shule moja karibu na reli ya kwenda Stanmore, na mchezo ulisimama kila alipopita mtu na mbwa wake.

Siku aliyoniajiri nilikuwa nimekwenda dukani kwake kuchukua dawa ya presha ya Mwanahawa. Nilifinyanga kikaratasi kilichokuwa mfukoni nikakirusha kwenye pipa la taka lililokuwa mbali, kule kwenye rafu ya miswaki. Kikaingia. Bwana Kirit akaacha kuhesabu vidonge.

"Hebu rudia," akasema.

"Nirudie nini, mzee?"

"Kutupa. Mkono uo huo."

Nikarudia, kikaingia. Akanipa kikaratasi cha tatu, nacho kikaingia. Akazunguka kaunta akaja kunishikashika bega la kushoto kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akarudi nyuma hatua mbili.

"Ndugu yangu, haya umejifunza wapi?"

"Kwenye rede," nikamwambia.

Rede, kwa msioijua, ni mchezo wa watoto, hasa wa kike. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara, na mmoja yuko katikati anakwepa. Mimi nilizaliwa Tanga katika nyumba ya dada watano, kwa hiyo nisingecheza rede nisingecheza kitu. Na nilitupa kwa kushoto kwa sababu huo ndio mkono wangu. Bibi yangu, aliyetulea, aliuchapa mkono huo kila uliposogelea sahani, kila uliposhika kalamu, na zaidi ya yote kila ulipojaribu kupokea kitu kwa mtu mzima. Kwenye rede tu ndiko alikouacha. Akauachia kazi moja, nao ukaijua vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Mtupaji husimama juu ya tuta katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenzake mtupaji, anayempa ishara kwa vidole. Mpigaji akikosa mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Akiupiga vizuri anakimbia vituo, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani, na hiyo ni pointi moja. Timu ikitolewa watu watatu, wenzao ndio wanaokuja kupiga. Mambo ya vituo, mimi dereva, sikuhitaji kufundishwa.

Mtupaji anayeanza mchezo huchoka, na akichoka mipira yake inapigwa, vituo vinajaa watu. Hapo huletwa mtu mwingine kuuchukua mchezo ulipofika. Huyo ndiye mpokezi. Wapokezi nao wana madaraja. Yuko wa masafa marefu, anayechukua mchezo mapema timu ikiwa imekwisha lowa. Yuko mfungaji, anayekuja mwishoni na kupigiwa makofi. Halafu tulikuwako sisi wa mtu mmoja. Tuliitwa kwa ajili ya mpigaji mmoja tu, na lazima awe anapiga kwa kushoto, kwa sababu mpira wa mtupaji wa kushoto humjia mpigaji wa kushoto kama unatoka nyuma ya bega lake, halafu ukipindishwa vizuri unamkimbia. Anaufukuza kwa gongo, haupati. Wapigaji wa kulia ni habari nyingine. Wao waliuona mpira wangu tangu unatoka mkononi, na walinishukuru kwa kuupeleka mbali.

Msituite wachezaji wa akiba. Akiba inawekwa ili isiguswe, sisi tuliguswa kila Jumapili. Tulingojea kwenye kipande cha nyasi pembeni, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa zizi la madume ya ng'ombe. Sijui ni ng'ombe gani anayekwenda zizini na kiti cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi, lakini jina ni hilo, na sisi tuliliita zizi.

Basi, Jumapili yangu ya kwanza nilikaa zizini tangu asubuhi, jua likitoka na kuingia kama kawaida ya huku. Mchana hivi mtupaji wetu aliyeanza, fundi bomba wa Kipolandi, alikuwa hoi. Wapinzani walikuwa na watu wawili vituoni, na aliyekuwa anakuja kupiga alikuwa pande la mtu, wa kushoto. Bwana Kirit akatembea mpaka kwenye tuta, akachukua mpira kwa fundi bomba, akageukia zizini na kujigusa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo ishara. Nikakimbia.

Oneni tatizo langu sasa. Mtupaji wa kushoto huvaa glavu mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wake ulio wazi ni wa kushoto. Bwana Kirit, mtu aliyenizidi umri kwa miaka kumi na ushei, ananyoosha mpira anipe. Mwingine yeyote angeupokea kwa huo wa kushoto, yakaisha. Mkono wangu ukaanza kunyanyuka, na hapohapo nikamsikia bibi kama yuko kituo cha kwanza. Nikaibana glavu kwapani, nikachomoa mkono, nikaupokea mpira kwa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, nikainama kidogo nikasema ahsante. Kisha nikaanza kuivaa glavu upya. Ilikuwa mpya, imebana, ikachukua muda wake.

Mwamuzi, Mwingereza mpole mwenye masharubu, akaja kuuliza kama mchezaji anahitaji daktari. Lakini Bwana Kirit alikuwa ameshaelewa. Mombasa nako kuna mabibi. Akamjibu kwamba mchezaji hana ugonjwa wowote, amelelewa vizuri tu, kisha akanigeukia kwa Kiswahili, ambacho pale kwenye tuta kilikuwa lugha yetu ya siri.

"Sikiza, ndugu yangu. Kazi yako mtu mmoja. Huyu hapa. Wale wawili vituoni si wako, usiwatazame."

Nilimtupia mipira mitano. Wa tano ulipinda ukamkimbia, akakata upepo, akarudi kwao akilitazama gongo lake. Nikamrudishia Bwana Kirit mpira, kwa mkono wa kulia, nikaenda kuketi. Chai ilikuwa bado ina moto. Furaha niliyokuwa nayo siku ile sijui niieleze vipi. Nilikuwa mtu mzima na mke na leseni ya basi, na nilitamani kumpigia simu kila dada yangu.

Jioni ile, tukikunja nyavu, ndipo tulipolipata neno. Bwana Kirit alisema Waingereza wanatumia neno linalomaanisha nafuu, lakini yeye haoni nafuu yoyote. Nikamwambia kwetu mtu akifika mlangoni na mzigo, hata kabla ya salamu, unamkimbilia unasema, lete nikupokee. Humuulizi mzigo una nini. Humuulizi kwa nini ni mzito. Akauweka wavu chini, akasema, "Basi wewe ni mpokezi." Tukabaki na hilo.

Kule gereji nako, kama mlikuwa hamjakisia, nilikuwa katika orodha ya madereva tulioitwa spea. Unakaa kantini na sare yako, unangoja nani ameumwa, nani treni imemkwamisha. Ukiitwa unakwenda kusimama kituoni, basi linafika limechelewa, dereva anashuka bila kukutazama usoni, wewe unapanda, na abiria wote wanakutazama kana kwamba ni wewe uliyewachelewesha. Unasema habari za mchana, unafunga mlango, unakwenda. Msimamizi wa zamu alipenda kusema mimi ndiye dereva pekee asiyelalamika. Sikumwambia kwamba nafanya mazoezi.

Lakini msinidhanie malaika. Msimu wa tatu au wa nne hivi, niliitwa vituo vyote vitatu vikiwa vimejaa. Aliyekuwa anatupa alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mwema, ila siku hiyo mpira ulikuwa umemkataa. Nilipofika kwenye tuta nikatazama cha kwanza, nikatazama cha pili, nikatazama cha tatu, nikasonya. Si kwa sauti kubwa. Kisha nikafanya kazi yangu, nikamtoa mpigaji, nikarudi kwenye chai yangu nikijiona bingwa. Bwana Kirit akanifuata.

"Ulisonya," akasema.

"Mzee, si nimemtoa?"

"Umemtoa, vizuri. Lakini ulisonya. Mgeni akija kwako na gunia, unampokea halafu unamsonya?"

Nikaiweka chai chini.

"Jumapili mbili hutupi. Uje, ukae, utazame."

Nilikwenda, nikakaa, nikatazama. Jumapili ya kwanza nilimwendea yule mwalimu nikamwomba radhi, na masikini hakujua hata kusonya ni nini, ilibidi nimwonyeshe. Akacheka sana, akajifunza, na nasikia alikuja kukatumia shuleni hako kasonyo mpaka mwalimu mkuu akamwita. Mimi sikurudia tena.

Miaka ikaenda. Bwana Kirit nyonga zikamkatalia kutembea mpaka kwenye tuta, akamkabidhi timu mdakaji wetu, Mama Faida, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Mama Faida aliniita Papa Hamza tangu siku ya kwanza, nami nilimheshimu kwa sababu alikuwa na ishara tatu. Kidole kimoja, tupa moja kwa moja. Vidole viwili, pindisha. Ngumi kifuani, omba Mungu. Alipokuwa Meneja hakuacha kudaka, kwa hiyo alituongoza akiwa amechuchumaa, na maneno yake yalikuwa machache kwa sababu ya magoti.

Wakati wake ndipo binti yangu Salma alipojiunga. Salma amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata kile nisichotaka akisikie, lakini hujibu kwa Kiingereza, tangu siku alipoanza shule. Mimi namwuliza umekula, yeye ananijibu *I'm fine, Dad*. Nilikwisha zoea, ingawa nikisema haikuniuma nitakuwa mwongo. Yeye alikuwa mtupaji wa kulia, mwenye nguvu, na si muda akawa mfungaji wetu, yule wa makofi. Nilijivuna naye mpaka kantini ya gereji wakanichoka.

Jambo moja tu lilimuudhi, glavu yangu. Maana sikuacha. Kila nilipoitwa nilivua, nikapokea kwa kulia, nikavaa upya, na timu nzima ilikwisha zoea, hata waamuzi. Salma yeye alijificha uso.

"Dad, it's a ball," aliniambia ndani ya treni tukirudi nyumbani. "It's not a wedding present. Just take it."

"Mtu mzima hapokelewi kwa kushoto," nikamjibu.

"Mama Faida is younger than you."

"Meneja ni mtu mzima hata akiwa mdogo."

Akaweka vitu vyake vya kusikilizia muziki masikioni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Halafu ikaja sheria. Kule Marekani, kwenye besiboli ya wakubwa, walikwisha amua kwamba michezo inarefuka mno kwa kubadilisha watupaji, na ligi yetu ndogo ikaiga. Mama Faida alitusomea barua kabla ya msimu kuanza, tukiwa tumesimama kwenye maegesho ya magari kwa sababu mlango wa klabu ulikuwa umekwama. Kila mtupaji anayeingia atakabili wapigaji watatu, isipokuwa kama wapinzani wametolewa wote watatu kabla. Aliposoma kwamba michezo inapoteza muda mwingi kwenye tuta, watu kumi na tano wakaitazama glavu yangu.

Nilicheka na wao, lakini usiku ule sikula vizuri. Kazi yangu ilikuwa ni mtu mmoja. Nilikuwa nimeisomea kwa miaka, nilijua mabega ya kila mpigaji wa kushoto wa ligi ile, nani hana subira, nani ana ndoa mbovu siku hiyo. Na sasa nyuma ya kila mmoja wao wangesimama wawili wa kulia wakinisubiri kwa hamu. Nikamwendea Mama Faida nikamwambia nadhani nimefika mwisho, nitaacha kabla sijawaharibia.

Alikuwa anajifunga kitambaa gotini. Hakuinua uso, akanijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Papa Hamza, minakuambia kweli, mimi siko na mwingine wa kushoto. Utatupia batu batatu, njo sheria. Usiogope. Utakaa na sisi mpaka msimu uishe."

Msimu huo niliitwa mara chache, na mara hizo chache wapigaji wa kulia walinifanya nizeeke. Salma alinichukua kiwanjani baada ya kazi, jua la kiangazi likiwa bado juu, akanifundisha mpira wa polepole wa kuwahadaa. Nilikuwa mwanafunzi mgumu. Alinisahihisha kwa Kiingereza, nami nikajitetea kwa Kiswahili, na mtu na mbwa wake wakasimama kutusikiliza.

Ikafika mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki daraja letu, tukishindwa tunashuka. Bwana Kirit aliletwa na wanawe kutoka Stanmore, akawekwa kwenye kiti karibu na zizi, blanketi miguuni. Alinishika mkono, akaniambia neno moja tu kuhusu mechi, kwamba asingependa aione timu yake ikishuka akiwa hai. Alilisema akitabasamu, lakini mkono hakuuachia haraka. Nami nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hiyo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Nilitaka niondoke nikiwa nimeupokea mzigo huu mmoja vizuri.

Duru ya mwisho, zamu yao ya mwisho ya kupiga, tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Wapinzani walikuwa wametolewa mtu mmoja, walikuwa na mkimbiaji mmoja kituo cha kwanza, na anayekuja alikuwa mpigaji wao mkubwa, wa kushoto, aliyekuwa akiipiga mipira ya Salma atakavyo. Nyuma yake wa kulia, na mwingine wa kulia. Mama Faida akasimama, akatembea mpaka kwenye tuta, akachukua mpira kwa fundi bomba, akajigusa mkono wa kushoto.

Nikaenda. Nikavua glavu, nikapokea kwa kulia, nikavaa. Mwamuzi alikuwa yule yule wa masharubu, sasa meupe. Alitazama saa yake kwa heshima.

Yule wa kushoto nilimtoa. Nawaambia bila unyenyekevu, ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya. Mipira minne, wa mwisho ukampindia mbali mpaka akapiga goti. Miaka mingine yote ningekuwa nimemaliza, ningerudi kwenye chai yangu. Wametolewa wawili, amebaki mmoja. Nikageuka kutazama zizini kwa mazoea tu, na nilipomrudia Mama Faida akanionyesha vidole viwili, na safari hii havikuwa vya kupindisha. Bado wawili.

Wa kwanza wa kulia aliupiga mpira wangu wa polepole kana kwamba alikuwa ameuagiza. Wakimbiaji wakawa kituo cha kwanza na cha pili. Wa pili wa kulia nilimwogopa, na hofu ikapeleka mipira pembeni, na ukitupa minne pembeni mpigaji anapewa kituo cha bure. Vituo vikajaa. Mama Faida alinionyesha ngumi kifuani.

Hapa kuna kitu lazima mkijue. Katika kitabu cha mchezo, mkimbiaji anaandikwa kwa jina la mtupaji aliyemwachia. Akifika nyumbani, lawama ni ya huyo, hata kama ameshaketi. Miaka yote niliyofanya kazi, waliokuwa vituoni walikuwa wa wengine. Leo yule wa kituo cha tatu tu ndiye aliyekuwa wa fundi bomba. Yule wa kituo cha pili, ambaye akifika nyumbani tumeshindwa na tumeshuka, alikuwa wangu. Na wa kwanza pia wangu. Nilikuwa nimemaliza watu wangu watatu, na mzigo ulikuwa mzito kuliko nilivyoukuta. Niliona aibu, na sikutaka kutazama upande wa blanketi la Bwana Kirit.

Mama Faida akaja, akajigusa mkono wa kulia. Salma akatoka zizini mbio. Nikanyoosha mpira nimpe Meneja, kama ilivyo kawaida, naye akakataa kwa kichwa.

"Mpe weye mwenyewe, papa," akasema, akasogea pembeni.

Salma akafika. Yeye hutupa kwa kulia, glavu anavaa kushoto, mkono wake wa kulia uko wazi daima. Hakuwa na haja ya kufanya lolote. Nilimnyooshea mpira nikingoja auchukue juu juu kama anavyochukua ufunguo wa gari. Akasimama. Akaivua glavu, akaibana kwapani, akanyoosha mikono yote miwili, akainama kidogo.

"Lete nikupokee, Baba," akasema.

Kwa Kiswahili. Lafudhi ilikuwa ya Neasden, ile *k* yake ikitoka na pumzi nyingi, na sikuwahi kusikia Kiswahili kizuri namna ile. Nikampa mpira. Hakutazama cha kwanza, hakutazama cha pili, hakutazama cha tatu. Hakusonya. Akavaa glavu yake taratibu, na mwamuzi wa masharubu, namwombea kila la heri popote alipo, akainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nikarudi zizini. Bwana Kirit akanisogezea kiti.

"Alisema nini?" akaniuliza, maana masikio nayo yalikuwa yanamwacha. Nikamwambia. Akavuta blanketi mpaka usoni kana kwamba baridi imezidi.

Mpira wa tatu wa Salma ulipigwa kwa nguvu, ukarudi moja kwa moja kifuani pake, ukazama ndani ya ile glavu. Ametoka. Tumebaki. Watu walikimbilia kwenye tuta, na mimi, miguu yangu ikiwa na umri wake, nikafika nimechelewa na kukumbatia nilichokuta, ambacho kilikuwa fundi bomba.

Sasa nimestaafu kazi zote mbili. Basi lilinipa kadi iliyosainiwa na watu wa kantini, nayo iko kwenye droo. Kwenu mnaoanza kazi, za kulipwa au za Jumapili, sina mengi. Mkipewa sehemu ndogo, ijueni mpaka ndani. Mzigo mkiukuta mzito, pokeeni, msisonye. Na mkichoka, mpeni anayefuata mpira mkimtazama usoni. Hilo la mwisho mimi nilijifunza dakika ya mwisho kabisa, kwa hiyo msinichukulie mimi kuwa mfano.

Salma bado hunijibu kwa Kiingereza. Namwuliza umekula, ananijibu *I'm fine, Dad*. Siumii tena, maana najua Kiswahili chake kiko wapi na kinatoka lini. Jumapili naendelea kwenda kutazama. Nateremka treni na kiti changu cha kukunja mkono mmoja na chupa ya chai mkono mwingine, navuka nyasi polepole, na kabla sijafika kwenye uzio wananiona. Fundi bomba anakuja mbio, mwalimu wa hesabu anakuja mbio, hata hawa wapya nisiowajua majina, kila mmoja akilivunjavunja neno kwa namna yake, nikupokie, nikupoke, nikupokeye. Mmoja anachukua kiti na mwingine anachukua chai, nami naingia uwanjani mikono mitupu, wa kulia na wa kushoto.